Mazabodi ya 2003 imegoma: kuifufua kabla ya kuimwagia nitrojeni

Ninayo mezani mazabodi ya soketi A, ile ya matundu 462, yenye chipuseti (chipu zinazounganisha prosesa na vifaa vingine) ya nForce2 Ultra 400 ya mwaka 2003. Mtengenezaji simtaji, maana maradhi nitakayoeleza nimeyakuta kwenye bodi za karibu kila kiwanda cha miaka ile. Zilizo hai zimebaki chache, na wanaozisaka ni sisi tunaotaka kuona Athlon XP ya Barton, prosesa ya AMD ya enzi ile, inafika kasi gani ikipoozwa kwa nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Anayeanza huwa na haraka ya kumwaga nitrojeni. Bodi imewaka mara moja, kioo kimeleta maandishi, anasema imepona. Haijapona. Ubaridi hautibu bodi, huiumbua. Kapasita iliyochoka inaweza kujikongoja mwaka mzima kwa kasi ya kiwandani, lakini ukipandisha volti na kasi inaanguka papo hapo, na wewe utailaumu prosesa. Ndiyo maana ninafuata dalili kwa mpangilio ambao bodi yenyewe huwaka: umeme kwanza, kisha BIOS (programu inayoiamsha bodi) na RAM, kisha kasi, na baridi mwisho kabisa.

Kabla hujachomeka chochote

Toa prosesa, RAM, kadi zote na betri ya CR2032. Weka maltimita kwenye omu, ncha moja kwenye graundi (tundu lolote la skrubu lenye duara la lehemu linafaa), nyingine kwenye matundu ya kiunganishi cha umeme: volti 12, 5, 3.3, na ile 5 ya akiba. Bodi nzima hukupa namba inayopanda taratibu kadiri kapasita zinavyojaa. Namba iliyoganda karibu na sifuri ni shoti, na hapo huwashi kitu mpaka uipate.

Kisha pima reli ya prosesa, yaani njia yake ya umeme, kwenye koili zilizo kando ya soketi. Bila prosesa, ukisoma chini ya omu 1, shuku mosfeti. Hizi ndizo zinazokatakata volti 12, au 5 kwa bodi nyingine, ili Barton ya mezani ipate volti zake 1.65. Mosfeti ya upande wa juu ikiungua kwa shoti, volti zote zinaingia ndani ya prosesa mzima mzima. Pima basi na kutoka mguu unaopokea umeme wa juu hadi kwenye koili. Dakika mbili hizi zimeniokolea prosesa ambazo leo sizipati tena.

Geuza bodi, uikague kwa lenzi, hasa ukingo wa soketi. Vipoozeo vya enzi ile vilifungwa kwa klipu iliyosukumwa na bisibisi bapa, na bisibisi ilikuwa ikiteleza. Yangu ina kovu la milimita sita hivi chini ya soketi: rangi ya kijani imechubuka, na kati ya nyuzi nne za shaba moja imekatika, pengo jembamba kuliko unywele. Niliikwangua pande mbili kwa ncha ya wembe mpaka shaba ikang'aa, nikalaza uzi mmoja uliochomolewa kwenye waya wa nyuzi nyingi, nikaushika kwa tone la lehemu kila upande. Bila kuliona kovu lile ningebadilisha kapasita zote na bado ningekuta kioo cheusi.

Andaa pia prosesa ya kafara. Kidhibiti cha volti cha soketi A husoma pini za prosesa ili kujua kitoe volti ngapi. Soketi ikiwa tupu kinaelewa hakuna mtu nyumbani, kinakaa kimya. Kwa hiyo huwezi kupima volti za prosesa bila kuweka prosesa. Weka Duron, prosesa ya bei nafuu ya soketi hiyo, usiyoijali, na kipoozeo juu yake hata kama unawasha kwa sekunde tatu. Kipande cha silikoni cha prosesa kiko wazi, hakina kofia ya chuma, na joto halina pa kukimbilia.

Kimya kabisa

Unabonyeza swichi, hakuna kinachotikisika. Pima waya wa zambarau, tundu la 9: lazima uwe na volti 5 hata bodi ikiwa imezimwa. Ukiukosa, tatizo ni saplai. Ukiwepo, pima waya wa kijani, tundu la 14, huku mtu akibonyeza swichi. Unapaswa kushuka hadi karibu na sifuri. Usiposhuka, amri ya kuwaka haitoki kwenye bodi: swichi imekufa (gusisha pini mbili kwa bisibisi uone), betri imeisha kabisa na bodi ni ya aina inayosusa bila betri, au chipu ya kusini, ile ya chipuseti iliyo mbali na prosesa, imekufa. Hili la mwisho ndilo baya, na ndilo adimu.

Ikishtuka sekunde moja kisha ikazima, saplai imejilinda. Ondoa kila kitu kisicho cha lazima, rudia vipimo vya omu, na uangalie kama kuna skrubu iliyoanguka nyuma ya bodi. Unacheka, lakini imenitokea mara mbili.

Feni zinazunguka, kioo cheusi

Hapa kadi ya kusoma kodi za POST (ukaguzi ambao bodi hujifanyia inapowaka) kwenye sloti ya PCI inafanya kazi ya fundi watatu. Kwa BIOS ya Award, kodi ikisimama C1 bodi inatafuta RAM na haiioni. Acha kipande kimoja tu, sugua miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa alkoholi, hamisha sloti kwa sloti. Kodi isipotokea kabisa, prosesa haijatekeleza hata amri moja. Angalizo dogo: FF kwenye Award ina sura mbili. Ikija baada ya mlolongo wa kodi nyingine, BIOS imemaliza na inaukabidhi mfumo. Ikiwepo tangu mwanzo bila kubadilika, hakuna kilichoanza.

Isipoanza, fuata mambo manne kwa mpangilio. Pima waya wa kijivu, tundu la 8, ambao saplai hutumia kusema umeme umetulia. Unatakiwa kukaa karibu na volti 5. Pima volti za prosesa kwenye koili. Angalia mapigo ya saa ya bodi kwa oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) kwenye kristali ya megahezi 14.318. Hayo matatu yakiwa sawa, nenda kwenye BIOS.

Chipu ya BIOS ya bodi hizi mara nyingi iko ndani ya soketi ya mstatili yenye miguu 32. Ichomoe kwa koleo lake, usitumie bisibisi, kona za soketi hupasuka. Mara nyingi utakuta miguu imefifia rangi. Kuisafisha na kuirudisha kunatosha. Vinginevyo iandike upya kwa programa, kifaa cha kuandikia chipu, ukihifadhi kwanza nakala ya kilichomo, hata kama kimeharibika, kwa sababu bodi adimu huenda ina toleo ambalo hutalipata kwingine. Zamani tulikuwa tunawasha bodi nzima ya aina ileile, tunachomoa chipu yake ikiwa moto, tunapachika mbovu na kuiandika. Nilifanya hivyo nikiwa kijana. Siku hizi sina bodi ya pili ya kuitoa sadaka.

Kuna dalili moja inayokatisha tamaa: bodi haiwaki, ila ukikandamiza chipu ya kusini kwa kidole inawaka. Hizo ni nyufa kwenye vitone vya lehemu chini ya chipu. Kuipika bodi kwenye oveni kunaweza kuirudisha wiki mbili, kisha inakufa, na kapasita umeshazichemsha. Dawa ni kung'oa chipu na kuiwekea vitone vipya, kazi ya mtu mwenye mashine ya kuifanya. Kwa bodi ya nitrojeni sikubali njia ya mkato hapa. Shaba na plastiki husinyaa kwa viwango tofauti kwenye baridi kali, na ufa uliozibwa kijuujuu utafunguka tena.

Inafika kwenye mfumo, ikipewa kazi inajizima

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi, na ina vyanzo viwili vinavyofanana sana usoni.

Cha kwanza ni kapasita. Bodi zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2007 hivi zilipitiwa na janga la kapasita zenye maji ya ndani yaliyochanganywa vibaya: yanatoa gesi ya hidrojeni, kofia inavimba, au mpira wa chini unasukumwa na utomvu wa kahawia unachuruzika. Lakini usiamini macho peke yake. Kapasita yenye kofia bapa kabisa inaweza kuwa imekauka. Ng'oa moja, ipime ukinzani wake wa ndani, ESR. Ya mikrofaradi 3300 iliyo nzima huwa chini ya miliomu 30. Niliyoing'oa kwenye bodi hii ilisoma zaidi ya omu 1, na kwa nje ilikuwa safi kama mpya.

Kuzitoa ni kazi ya subira. Tabaka za graundi hunyonya joto lote la pasi, na fundi mwenye haraka hung'oa kapasita pamoja na bomba la shaba lililo ndani ya tundu. Bodi za kabla ya Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipoanza kubana risasi kwenye vifaa vya umeme, nyingi zina lehemu ya risasi inayoyeyuka karibu na nyuzi 183, na hiyo ni bahati yako. Pasha bodi kwa chini, ongeza lehemu mpya kwenye mguu ili iyeyushe ya zamani, inamisha kapasita upande huu, kisha ule, itoke bila kuvutwa. Tundu likibaki limeziba, lipitishe sindano ya chuma cha pua wakati lehemu ikiwa maji. Lehemu haishiki kwenye chuma hicho.

Mbadala bora ni kapasita za polima, ila kuna mitego miwili. Wengi hununua za volti 2.5 kwa upande wa prosesa kwa sababu volti za kawaida ni 1.65. Kwenye ovakloki kali, yaani kuendesha prosesa juu ya kasi ya kiwandani, utapita 2, na hapo nafasi imekwisha. Chukua za 4 au 6.3. Mtego wa pili: ESR ikishuka mno, vidhibiti vya volti vya zamani huweza kuyumba, kwa sababu viliundwa vikitegemea ukinzani kidogo wa kapasita ili vitulie. Baada ya kubadilisha, weka oskiloskopu kwenye reli ya prosesa, uipe prosesa kazi nzito, na uangalie. Ukiona mawimbi makubwa ya polepole badala ya meno madogo ya kasi ya mosfeti, rudisha kapasita mbili tatu za kawaida zilizo mpya na nzima. Yangu ilitulia nilipotumia mchanganyiko huo.

Chanzo cha pili ni saplai, na hiki huwapiga hata mafundi wazoefu, kwa sababu saplai ni mpya na ya gharama. Bodi kadhaa za soketi A, zile zisizo na plagi ya matundu manne ya volti 12, hulisha prosesa kutoka reli ya volti 5. Prosesa inayokula wati 120 kwa njia hiyo inavuta zaidi ya ampea 24 kwenye reli hiyo pekee, kabla hujahesabu upotevu kwenye mosfeti. Saplai za kisasa zimeweka nguvu zao kwenye volti 12, na reli ya 5 mara nyingi huishia ampea 20 hivi. Pima kwenye plagi yenyewe, bodi ikiwa kazini. Kiwango cha ATX kinaruhusu asilimia 5, yaani isishuke chini ya 4.75. Ukiona 4.6, umempata mwizi wako, kapasita zimesingiziwa. Tafuta saplai ya zamani yenye reli nene ya volti 5, na uifungue ukague kapasita zake pia, maana ni rika moja na bodi.

Kasi ya kiwandani safi, juu yake haipandi

Kwanza prosesa yenyewe. Barton za kuanzia mwishoni mwa 2003 zilifungwa kizidishi (namba inayozidishwa na kasi ya basi, njia ya data ya prosesa, kupata kasi ya prosesa), kwa hiyo unabaki na kasi ya basi tu. Zile za laptopu zinaingia soketi ileile, kizidishi kiko huru, na ndizo ninazozipendelea. Ukiwa na Athlon ya Thunderbird, ule ujanja wa kufungua kizidishi kwa kuunganisha madaraja ya L1, vituo vidogo vilivyo juu ya prosesa, kwa grafiti ya penseli bado unafanya kazi.

Kisha volti zinazoporomoka. BIOS inasema 1.85, maltimita inasema 1.84 prosesa ikiwa imepumzika, ukiwasha kazi inakuwa 1.76. Hapo hakuna kasi itakayokaa. RAM nazo: vipande vyenye chipu za Winbond BH-5 hupenda zaidi ya volti 3.2, wakati DDR ya kawaida ni 2.5 na bodi nyingi hazifiki huko kwa BIOS.

Tiba ya yote mawili ni trimpoti, kikinzani kidogo unachozungusha kubadili ukinzani wake. Kila kidhibiti kina mguu wa marejesho unaopima volti zinazotoka. Ukipunguza ukinzani kati ya mguu huo na graundi, kidhibiti kinadhani volti zimepungua, kinaongeza. Pima ukinzani uliopo, bodi ikiwa imezimwa, na uchague trimpoti ya mara ishirini. Ukisoma kiloomu 2.5, weka ya kiloomu 50. Ikiwa juu kabisa, volti zitapanda kwa chini ya asilimia 5, na kutoka hapo unashusha kwa robo ya mzunguko huku maltimita ikiwa kwenye reli. Hakikisha kwa maltimita kwamba iko juu kabisa *kabla* ya kuichomelea. Trimpoti iliyokuja kwenye pakiti ikiwa imezungushwa hadi mwisho wa chini ni shoti inayosubiri umeme, na prosesa haitapata hata muda wa kuonya.

Na usisahau feni ndogo ya chipu ya kaskazini, ile ya chipuseti iliyo karibu na prosesa. Baada ya miaka ishirini mafuta yake yamekauka, au inazunguka huku pasta ya kupitisha joto chini yake imegeuka chaki. Badilisha kipoozeo chote.

Dalili nyingine ya hapa: kasi inakaa, ila faili zinaharibika na mfumo hauinuki tena. Ni basi ya PCI kukimbia pamoja na prosesa. nForce2 inafunga AGP (njia ya kadi ya michoro) kwenye megahezi 66 na PCI kwenye 33, hivyo hilo si lake, lakini chipuseti nyingi za zamani hazina kufuli. Kwenye Intel 440BX, ukipeleka basi kwenye 133 PCI inagawanywa kwa nne na kubaki 33, wakati AGP inafika 89 badala ya 66. Baadhi ya kadi za michoro zinavumilia. Nyingine zinajaza kioo madoa.

Baridi ikifika

Fungua madirisha. Lita moja ya nitrojeni kimiminika inakuwa karibu lita 700 za gesi, na gesi hiyo inafukuza oksijeni bila harufu. Chombo chake hakifungwi kwa kifuniko kinachobana, hata kwa dakika moja.

Bodi ninaipaka mafuta ya mgando kuzunguka soketi mbele na nyuma, ndani ya soketi, na kwenye sloti za RAM. Yanachafua, ila hayapitishi umeme na hayaachi nafasi ya hewa kuingia na unyevu wake.

Bodi ikianguka kwenye baridi, jiulize kwanza inaanguka lini. Nyuzi zilezile kila mara, tuseme 130 chini ya sifuri leo na kesho, ni ukomo wa prosesa yenyewe. Paa nyuzi kumi juu yake, uridhike. Ikianguka baada ya muda, dakika ishirini au arobaini bila kujali nyuzi, ni unyevu umepata njia. Zima, kausha, paka upya. Ikianguka ghafla huku prosesa ikionyesha joto linalopanda wakati chungu cha shaba, kinachokaa juu ya prosesa na kubeba nitrojeni, kimebaki baridi, pasta imepasuka. Inua chungu uangalie, utaona ramani ya nyufa kama tope lililokauka.

Kuna na ile inayofanya kazi vizuri, ukizima haiwaki tena. Prosesa nyingi hukimbia kwenye baridi ambayo haziwezi kuanzia. Pasha chungu kwa hitagani (kipuliza hewa ya moto) hadi nyuzi 60 au 80 chini ya sifuri, washa, kisha mwaga tena.

Ukimaliza, usivute chungu. Barafu imekishika, na kona za silikoni ya Barton hupukutika kwa nguvu ndogo tu. Acha nitrojeni iishe, elekeza feni kwenye bodi, na usiguse skrubu mpaka chungu kifikie joto la chumba na maji yawe yamekauka hata nyuma ya soketi. Kwangu huchukua saa tatu hivi, na betri ya CR2032 ninaitoa muda wote huo.